Eti midrenji hairushwi fohendi: uzoefu wangu na duka moja la Mjini

Naandika hasira zikiwa bado kifuani, na makusudi sisubiri zipoe, maana kila zikipoa nalisamehe lile duka, na hela yangu inabaki kwake vilevile.

Jina silitaji. Ni duka la vifaa vya michezo pale Mjini Unguja. Wanauza mipira, jezi na raketi, na siku hizi wana diski za diski gofu, mchezo wa kurusha diski kulenga shabaha, zinazoingia kwenye makontena ya vitu vilivyokwishatumika huko Ulaya. Mimi nakaa Wete, Pemba. Huku tunacheza mashambani, kwenye mikarafuu na minazi, mti ndio shabaha. Nilichotaka nilikieleza kwa sauti, nikakirudia kwa maandishi: midrenji, yaani diski ya masafa ya kati, iwe nzito, gramu 175 kwenda juu, plastiki ngumu, mpya, na iwe ile inayokata vizuri mwishoni, kwa sababu naitaka kwa mtupo wa fohendi. Muuzaji akajibu upesi, "Ipo, mpya, haijaguswa." Nikatuma hela kwa simu. Mzigo ukaja na boti hadi Mkoani, ukapakiwa gari, nikaufungua jioni barazani.

Nieleze kidogo, maana wengi wanaijua frisbi ya kurushiana ufukweni tu, na watashangaa mtu kugombana kwa ajili ya gramu. Katika fohendi kiganja kinatazama juu, kidole cha shahada na cha kati vinakaa ndani ya ukingo, gumba linakandamiza kwa juu, kiwiko kiko karibu na ubavu, na kazi kubwa inafanywa na kifundo cha mkono. Ni mchapo mfupi. Mkono haupati lile zungusho refu la bekhendi, mtupo unaoanzia kifuani, kwa hiyo diski ikitoka vibaya kidogo tu inatikisika hewani. Draiva, diski ya kwenda mbali, ina ukingo mpana, vidole vinapata pa kushika, na kasi yake inaficha mengi. Midrenji ina ukingo mfupi na butu, inakwenda polepole, haifichi kitu. Ndiyo maana anayeirusha fohendi anatafuta yenye tabia ngumu: itikisike mwanzo, ijirekebishe, inyooke, halafu ikate kulia, kwa sisi tunaotumia mkono wa kulia. Ukiipa fohendi diski legelege, ile inayopenda kugeuka, inapinduka kushoto kabla haijafika popote.

Yangu ilipinduka. Kusi ilikuwa inavuma usoni, na upepo wa mbele huigeuza hata diski njema, ndiyo sababu hasa niliagiza nzito. Nilikuwa nyuma ya mkarafuu, njia iko wazi upande wa kulia, nikachapa kwa utulivu. Ikainuka, ikalala kushoto, ikatua kwa ukingo, ikaanza kubiringika. Ikashuka mteremko mzima mpaka uwanjani kwa jirani, ikapita katikati ya majamvi ya karafuu zilizoanikwa.

Anayeishi Pemba hahitaji kuambiwa jamvi la karafuu ni nini. Ni mabati ya nyumba, ni deni la dukani, ni sare za skuli za watoto. Bi mkubwa mwenye karafuu zake alinitazama tu, hakutamka neno. Nikapiga magoti nikaokota punje kwa punje kwenye mchanga mpaka inaadhiniwa magharibi, na kila nilipoinua uso nikamkuta bado amesimama palepale. Aibu ile mpaka leo inaniwasha usoni.

Usiku nikaikagua ile diski chini ya taa. Mhuri umefutwa wote, hakuna jina, hakuna zile namba nne zinazokwambia itarukaje. Ukingo umesuguliwa kwa msasa, ukipitisha kidole unahisi makovu ya miti chini yake. Plastiki ya bei ndogo ikigongwagongwa ndivyo inavyokuwa: ukingo unachakaa, na diski iliyokuwa inakata inaanza kugeuka. Nikaipeleka kwa sonara Chake Chake, akaiweka kwenye mizani yake ya dhahabu. Gramu 158.

Kuuziwa mtumba kwa bei ya kipya ningeweza kulimeza hilo, biashara za kontena tunazijua. Kilichonichoma ni majibu.

Nilipopata safari ya Unguja nikapita dukani. Nikatoa salamu, akaitikia macho yake yakiwa kwenye simu. Nikamweleza pole pole, nikamwonesha ukingo, nikamtajia gramu. Akaichukua diski, akaitupa juu ya kaunta, akasema, "Yakhe, midrenji hairushwi fohendi. Fohendi ina draiva zake. Jifunze kwanza." Nikamwambia, ndugu yangu, hebu tuanze na uzito, nilioagiza siyo huu. Hapo ndipo akapaza sauti ili wateja wote wasikie: "Na kwani huko Pemba kuna uwanja wa mchezo huu? Nyinyi wa Pemba kulalamika ndio mchezo wenu." Watu wakacheka. Mzee mmoja aliyekuwa anachagua viatu akamwambia, "Mwanangu, mrejeshee mwenzio haki yake." Hakumjibu. Mzee mzima yule, kofia kichwani, amepuuzwa kama hayupo.

Sasa nimjibu, maana pale dukani koo lilinikauka.

Uwanja? Mchezo huu haukuzaliwa na makapu ya minyororo yanayolengwa siku hizi. Watu walianza kwa kulenga miti na nguzo. Ed Headrick, huyohuyo aliyekuja kubuni kapu la minyororo, alipojenga uwanja wa kwanza wa kudumu mwaka 1975 pale Oak Grove, California, shabaha zake za mwanzo zilikuwa nguzo tu. Mwaka uliofuata akaanzisha PDGA, chama kinachousimamia mchezo mpaka leo. Kwa hiyo kijana wa Wete anayelenga mnazi anacheza mchezo uleule, tena kwa namna yake ya asili. Mtu anayeuza diski asiyejua hilo, anauza nini?

Na hilo la midrenji kutorushwa fohendi, wallahi, limenikera kuliko tusi la Upemba. Aje Pemba aone. Ardhi yetu ni vilima na mabonde, siyo tambarare kama viwanja vya Maisara. Mikarafuu imepandwa kwa safu, matawi yanaanzia chini, na baada ya mvua udongo mwekundu unateleza huwezi hata kukimbilia mtupo. Draiva ya fohendi hapo ni hasara: inakwenda mbali kuliko unavyotaka, inakata kwa nguvu, ikigusa chini inateleza mpaka bondeni, na nusu saa nzima mnatafuta kwenye mananasi. Midrenji unairusha umesimama, miguu imetulia, robo tatu ya nguvu zako, inapenya kati ya safu mbili, inainama kulia pale unapotaka, inatua inakaa. Bekhendi haikupi kona hiyo kirahisi ukiwa umebanwa na shina upande wa kushoto. Inatakiwa kiganja kibaki kinatazama juu mpaka diski itoke, usikikunje kama unafunga mlango, na usiilazimishe. Ni mtupo wa kujizuia, na kwangu mimi ndio mtupo mtamu kuliko yote katika mchezo huu.

Najua ninachosema kwa sababu baadaye binamu yangu wa Muscat aliniletea midrenji ya kweli, plastiki ngumu, uzito umeandikwa chini yake kwa kalamu, na mizani ya sonara ikasema vilevile. Mwenyezi Mungu ambariki. Mara ya kwanza kuichapa, kusi ileile usoni, ilitikisika kidogo, ikatulia, ikaenda imenyooka hadi ikapita mkarafuu wa tatu, ikakata kulia taratibu na kulala chini ya mnazi. Mwalimu tunayecheza naye akasema mashaallah, akaniomba aishike. Tokea siku hiyo sishiki draiva mpaka tufike kwenye uwazi wa minazi.

Kwa hiyo ukiniuliza kama midrenji ya fohendi inafaa, nitakwambia nunua, nunua leo. Ukiniuliza kuhusu duka, usikanyage.

Ingawa kwa haki niseme na hili: diski ile chakavu yenyewe sina ugomvi nayo. Mtoto wa dada yangu anairusha bekhendi, na kwa mkono wake mdogo wepesi ule unamsaidia, inamwendea mbali, anafurahi. Ningeambiwa ukweli, kwamba ni ya zamani, nyepesi, imelegea, kwa bei yake halali, pengine ningeichukua kwa ajili ya watoto na ningeandika sifa hapa. Na pia nakubali duka lile ndilo pekee ninalolijua visiwani lenye diski hizi, na bila wao wengi wetu tusingeanza. Nilikuwa nimeshaamua kuwapa nyota mbili kwa hilo.

Lakini juzi hapa rafiki amenionesha tangazo lao jipya kwenye simu. Diski imepigwa picha kwa juu tu, mhuri umefutwa, maneno ni yaleyale: mpya, haijaguswa. Nyota mbili nazichukua. Hata moja ni nyingi.

Mkiwa lazima mnunue pale, msitume hela mkiwa mbali. Nendeni wenyewe, au mtumeni mtu mwenye subira. Mwambieni aigeuze diski, apitishe kidole ukingoni mzunguko mzima. Penye ukwaruzo wa msasa airudishe palepale. Aiweke juu ya meza bapa aone kama imekaa sawa pande zote. Uzito asiamini mdomo, apite nayo kwa sonara yeyote kabla ya kulipa, na kama muuzaji hataki itoke dukani bila hela, basi amwachie. Na wewe muuzaji, najua ukurasa huu unaupitia: hela yangu naidai, nauli ya boti naidai, na yule mzee wa viatu anakudai radhi. Namba yangu unayo.