Darubini ya 70mm kwa ajili ya vimondo: msiuziwe mbuzi kwenye gunia

Niliichukua Kariakoo kwa laki tatu na nusu, lenzi ya mbele upana 70mm, urefu wa fokasi 700mm, na kwenye boksi wameandika kwa herufi kubwa inakuza mara 525. Jamaa wa dukani akaniapia vimondo nitaviona kama viko sebuleni. Nikamwamini, si unajua mtu ukishapenda kitu.

Nikavizia vimondo vya Orionidi, usiku wa tarehe 21 Oktoba kuamkia 22, nikaenda nayo Kondoa kwa mjomba ambako giza ni giza kweli. Vile ni vumbi la nyota ya mkia ya Halley, linaingia kwa kilomita 66 kwa sekunde, sasa we jiulize, kitu kinamaliza safari kabla hujapepesa jicho na darubini hata ukiweka lenzi ya jicho ya 25mm, yaani inakuza mara 28 tu, inakuonyesha kipande cha anga chenye upana wa kama Mwezi mpevu mara tatu na nusu, hapo unadaka nini? Saa nzima nimekunja mgongo nimeambulia kimoja, tena kwa bahati, nilikuwa naangalia Kilimia zangu, lile kundi la nyota, uzi mwembamba ukapita katikati fyuu, basi. Mjomba kalala kwenye mkeka anahesabu kwa macho matupu kashafika tisa.

Ila utamu uko kwenye mstari unaobaki nyuma. Unafanana na moshi ila si moshi, ni hewa ya huko juu, kama kilomita 90, inaendelea kung'aa baada ya kimondo kupita. Saa kumi alfajiri likapita limoja kubwa la kijani, mjomba akasema "huyo shetani kapigwa haswa". Kwa macho mstari ulikaa sekunde nne tano ukapotea. Nikadaka bainokula (darubini ya macho mawili) ya 10x50, yaani inakuza mara 10 na lenzi zake ni 50mm, niliyoazima, kumbe bado upo! Ukaanza kujikunja taratibu, upepo wa huko unauvuta juu huku na chini kule, ukawa kama S, mara kama kanga iliyoanikwa. Dakika tatu hivi.

Nikakimbilia darubini, hapo ndo nikamkumbuka muuzaji wangu, stendi ukiigusa tu inatetemeka, halafu picha imegeuzwa kulia kushoto kwahiyo ukifukuzia unaenda kinyume. Nakuja kuupata umeshafifia, lakini jamani, mistari miwili sambamba na giza katikati, kama bomba lenye uwazi! Sekunde kumi nyingi, stendi ikalegea darubini ikainamisha kichwa yenyewe.

Lenzi naipa nne kati ya tano, stendi sifuri. Hiyo mara 525 sahau, nilijaribu kwa Mwezi ikawa uji mtupu. Kama shida yako ni vimondo anza na mkeka, kisha bainokula, darubini ikae pembeni imeshafunguliwa kifuniko na lenzi ya jicho ya 25mm iko tayari, maana ukianza kuhangaika gizani mstari haukusubiri.

Mwenye stendi nzito ya kamera anayouza anicheki, mimi niko Mbagala.