Bodi (kamera bila lenzi) ya pili ya harusi: Canon R8 mpya au R6 iliyotumika?

Kwa mpiga picha za harusi wa Mtwara mwenye R6 tayari, R8 inavutia: gramu 461 pamoja na betri na kadi, R6 ni 680. Kutoka nikahi Mikindani hadi ukumbini usiku, bega litakushukuru. Ila R8 ina tundu moja tu la kadi. Kadi ikifa, nikahi hairudiwi! R6 huandika kadi mbili kwa pamoja. Betri nayo: LP-E17 ya R8 ni ndogo na haiingii kwenye R6, hivyo unabeba chaja mbili, na umeme ukikatika hamna kuazimana. Chukua R6 iliyotumika. Jaribu matundu yote mawili, kagua shata (pazia linalofunguka kila unapopiga picha), kisha sawazisha saa za bodi zote, la sivyo picha zitavurugika mpangilio.