Digrii ya IT kwa mtandao huku niko kazini: chuo nilichokichagua na kinavyonitendea

Chuo hiki nakipa nyota tatu na nusu kati ya tano, na muhula ujao nimeshalipia. Jina silitaji. Bado nimo ndani, alama zangu za muhula uliopita hazijatoka zote, na msimamizi wa mradi wangu ni mtu wa kusoma kila kitu. Ijulikane tu kwamba ni chuo kikuu cha Kenya chenye makao bara, na digrii yenyewe ni ya teknolojia ya habari, kwa mtandao tangu usajili hadi mtihani.

Mimi ni fundi wa kompyuta katika ofisi ya kliaringi, ya kuwatolea watu mizigo forodhani, hapa Mombasa. Wenzangu wa kliaringi mnaelewa: mfumo wa forodha ukikwama kidogo tu, malori yanasimama, wenye mizigo wanapiga simu, na lawama zote zinamshukia mtu wa IT hata kama tatizo liko Nairobi. Naishi Likoni na mume wangu, watoto na mavyaa yangu. Stashahada ninayo tangu zamani. Lakini matangazo ya kazi za usimamizi wa mifumo huanza na digrii, na nimewahi kumfundisha kazi mtu aliyeletwa kuwa mkubwa wangu. Ukishamwonyesha bosi wako namna ya kugawanya mtandao wa ofisi, unaanza kutafuta fomu za chuo.

Meneja aliniuliza mbona nisifanye CCNA tu, kile cheti cha mitandao cha Cisco, niachane na miaka ya masomo. Swali la haki. CCNA ni mtihani mmoja, unaheshimika, na kwa kazi ya mitandao unafundisha kuliko baadhi ya yuniti ninazozisoma sasa. Ila cheti chake ni cha miaka mitatu, kisha lazima ukihuishe, na ofisi nyingi zinazopanga watu kwa madaraja hazikuhesabii kama shahada. Kijana anayetafuta kazi ya kwanza ningemwambia aanze na cheti. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye cheo kimoja, na dawa ya hapo ilikuwa digrii.

Nilianza kuangalia mbali. Binamu yangu aliye Marekani alinisifia Western Governors University, ambako unalipia miezi sita na kumaliza yuniti nyingi kadiri unavyoweza. Mpango mzuri kwa mtu anayejua kazi tayari, lakini umejengwa kwa wakazi wa huko. Nikatazama University of the People, chuo cha mtandaoni kilichoanzishwa na Shai Reshef mwaka 2009. Hawatozi karo ya masomo. Unalipia tathmini ya kila kozi, na shahada ina kozi 40. Nilipotazama, muhula ulikuwa wiki tisa, kulikuwa na kazi ya kuwasilisha kila wiki, na wanafunzi walikuwa wakisahihishana. Kwa mwenye nidhamu na mfuko mwepesi, mimi sioni cha kukidharau. Nilichokitaka mimi ni sauti ya mhadhiri ninayeweza kumkatiza na kumuuliza.

University of London nayo ilinivutia. Imekuwa ikitoa digrii kwa watu wasiofika London tangu 1858, na ile ya sayansi ya kompyuta, inayosimamiwa kitaaluma na Goldsmiths, ilikuwa ikisomwa kupitia Coursera, jukwaa la kozi za mtandaoni. Tatizo langu lilikuwa sarafu. Mshahara wangu ni wa shilingi. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika shilingi 160 hivi, na miezi michache baadaye ikashuka hadi karibu 130. Aliyekuwa akilipa kwa fedha za kigeni alipumua, lakini kabla ya hapo alikuwa amekabwa. Sikutaka karo yangu ipande na kushuka wakati mshahara umetulia pale pale. Tena digrii ya nje ukitaka kuitumia hapa huenda ukatakiwa kuipeleka ikatambuliwe na kulinganishwa, na kazi hiyo CUE (Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu) na KNQA (mamlaka ya taifa ya sifa za masomo) zote zimejihusisha nayo, kwa hiyo muulize kwanza mwajiri wako anataka karatasi ya nani.

Kwa hapa nyumbani kuna Open University of Kenya, iliyopewa hati yake Agosti 2023, makao Konza, na masomo yote kwa mtandao. Anayeanza moja kwa moja kutoka sekondari na anataka sayansi ya data au usalama wa mitandao, nitamwelekeza huko aangalie kabla ya kwingine. Mimi nilitaka mitandao na seva, na nilitaka stashahada yangu ihesabiwe nisirudie yuniti za mwaka wa kwanza. Poly ya Tudor, samahani, TUM, yaani Technical University of Mombasa, ni feri moja na matatu moja kutoka kwangu, lakini hapo nilikuwa natafuta darasa lisilotaka niwepo.

Sasa nije kwenye jambo lililoamua. Kila chuo kilichobaki kwenye orodha nilikipigia simu nikaomba kitu kimoja: ratiba ya mitihani ya muhula uliopita. Brosha sikuitaka, zote zina picha ile ile ya msichana anayecheka na laptopu. Chuo kimoja kiliniambia ratiba hutolewa ukishasajiliwa. Kingine kiliniletea, na humo nikaona mitihani ya Jumanne, Jumatano na Alhamisi, saa tatu asubuhi. Masomo ni ya mtandaoni, sawa, lakini saa tatu asubuhi Jumatano mimi niko chini ya meza ya mtu nikitafuta waya. Sheria ya Ajira ya 2007 inanipa likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Mitihani ya mihula miwili ingezila nusu yake, na hapo mtoto hajaugua, na hakuna arusi Lamu. Hiki nilichokichagua kilituma ratiba siku hiyo hiyo: mitihani yote Jumamosi na Jumapili. Karo yao haikuwa ya chini kabisa, wala jina lao si kubwa kabisa. Ratiba ndiyo iliyonifanya nilipe, na hadi leo sijachukua hata siku moja ya likizo kwa ajili ya mtihani.

Kabla ya kulipa niliangalia pia kama programu yenyewe imo kwenye orodha ya CUE. Chuo kuwa na hati ni jambo moja, programu kuidhinishwa ni jingine, na wanaouza fomu kwa simu huwa wanayachanganya kwa makusudi.

Masomo yamo kwenye Moodle, mfumo ule ule wa masomo ya mtandaoni utakaoukuta vyuo vingi. Vipindi vya moja kwa moja ni Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku. Aliyepanga saa hizo haishi Pwani. Saa kumi na mbili mimi niko foleni ya feri au nimo ndani ya feri, na baada ya nusu saa ni magharibi. Ramadhani ndiyo kabisa: mhadhiri anaita majina ya mahudhurio wakati huku tunafungua kwa tende. Tuliandika barua, wanafunzi wa Mombasa, Lamu, Garissa na Wajir, na wakakubali kuhesabu mahudhurio kwa kutazama rekodi ndani ya siku mbili. Hapo niliwapenda. Rekodi zina toleo la sauti pekee, jepesi, nalipakua ofisini na kulisikiliza nikivuka, iafoni sikio moja, sikio jingine kwa ajili ya mkoba wangu.

Ubora wa wahadhiri unategemea umeangukia nani. Wa mitandao ni hodari. Anatupa ofisi ya kubuni yenye idara tatu na seva moja, tunaijenga kwenye Packet Tracer, programu ya kuigiza mitandao ambayo Cisco wanaitoa bure, kisha anaiharibu kwa makusudi na kututumia tutafute kosa. Wiki moja nilikutana na kosa lile lile kazini, mashine mbili zinazogombania anwani moja ya IP, ile namba ya mashine mtandaoni, na nikalimaliza kabla chai haijapoa. Wa hifadhidata ni wa kawaida. Wa hisabati husoma slaidi neno kwa neno, na slaidi zenyewe zina jina la chuo kingine chini. Hisabati nilijifunza kwa mwanafunzi mwenzangu, mwalimu wa sekondari Voi, aliyekuwa akitupigia picha karatasi na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp.

Kuhusu mashine: wakikwambia laptopu yoyote itafaa, usisadiki. Yuniti ya mifumo ya uendeshaji inataka uweke mfumo wa Linux ndani ya VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta ya pili ndani ya kompyuta yako, na laptopu ya RAM ya GB 4 itahema kama tingo anayepanda ngazi na gunia. Nunua ya GB 8 kwenda juu, hata iwe ya mtumba, lakini betri uipime mwenyewe dukani.

Mtandao nao. Mombasa ndipo nyaya za intaneti za TEAMS na SEACOM zilipotua kutoka baharini mwaka 2009, na bado Likoni mvua ikinyesha nasoma kwa bando la simu. Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ilizorota Afrika Mashariki nzima katika wiki ya majaribio yetu. Chuo kilisogeza tarehe bila mtu kuomba, tena kwa ujumbe wa simu, kwani barua pepe nani angeifungua.

Kilichonikera ni mtihani wenyewe. Programu ya kompyuta inayolinda mtihani usiibiwe inataka uwashe kamera, uonyeshe kitambulisho, kisha uizungushe kamera chumba kizima. Nyumba zetu si za chumba cha peke yako cha kusomea. Mavyaa yangu alikuwa sebuleni kichwa wazi, anachambua mchicha.

“Mwanangu, huyo mwalimu wako yuwatuona?”

“Apana mama, ni mashine.”

“Mashine ya nani?”

Nilishindwa kumjibu, na baada ya mtihani nikaliandikia dawati la msaada swali lake vile vile: picha za ndani ya nyumba yangu zinawekwa wapi, kwa muda gani, na nani anazitazama? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na mtu ana haki ya kuuliza data yake inatumiwaje. Jibu lilichukua wiki nyingi na barua za kukumbusha, na lilipokuja lilikuwa aya moja ya mwanasheria isiyojibu. Ila walinipa njia ya pili, kufanyia mtihani kwenye kituo chao mjini, mbele ya msimamizi aliye hai. Njia hiyo ilikuwepo siku zote, haikuandikwa popote. Dada yangu unayejisitiri, iombe mapema, wiki ya kwanza ya muhula, nafasi ni chache.

Hilo dawati la msaada ndilo lililokula nyota nzima. Kazi yangu ni hiyo hiyo, kujibu watu waliokwama, kwa hiyo siwezi kuwaonea huruma. Wanafunga saa kumi na moja jioni, na wanafunzi wao wote tunatoka kazini saa kumi na moja jioni. Ukipiga adhuhuri unaambiwa, “Dada, tuma barua pepe.” Ukituma, unapewa namba ya tikiti. Namba hiyo haina mahali pa kuifuatilia. Nusu nyota nyingine nimeikata kwa hisabati, mnajua kwa nini.

Karo hulipwa kwa yuniti, kwa M-Pesa, na hii ni nafuu kubwa kwa mfanyakazi. Desemba ofisi ikifurika mizigo nachukua yuniti mbili, muhula mtulivu nachukua nne. Mwenye mshahara anayelazimishwa kulipia muhula mzima atasoma kwa hasira. Uliza pia ada ndogondogo: ya mtihani, ya maktaba, ya kitambulisho cha mwanafunzi. Hicho cha mwisho nimekilipia na sijawahi kukionyesha kwa mlinzi yeyote, maana geti la chuo silijui.

Kazi za kikundi zitakuchosha popote utakapokwenda. Kundi letu lilikuwa na muuguzi, askari, mfanyakazi wa hoteli Diani na kijana aliyeko Doha. Kupata saa moja ambayo wote tuko macho ilikuwa kazi kuliko mradi. Yule wa Doha alionekana siku ya kuwasilisha, akasoma vizuri, akapata alama kama zetu. Chuo hakina dawa ya hili na sidhani kuna chenye dawa.

Wanaofanya zamu bandarini au hotelini wameniuliza kama kitawafaa. Zamu ya usiku ndiyo, kwa sababu ya rekodi. Zamu ya wikendi hapana, mitihani itawagonga na kituo cha mjini nacho hufunguliwa siku hizo hizo tu. Na rekodi zenyewe hufutwa muhula ukiisha, jambo ambalo hawalitangazi, kwa hiyo pakua za mitandao zote mapema na uziweke kwenye flashi. Za hisabati ziache.