Kishikwambi cha kupigia simu: miezi 7 kibandani kwangu

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, na macho yangu siku hizi yanasumbuka na vitu vidogo. Mteja akinitumia picha ya mshono kwenye simu, naivuta mpaka naona ua moja tu la kitenge. Ndipo nikaamua ninunue kishikwambi cha inchi 8, niweke laini yangu humo, na simu niachane nayo.

Cha kwanza nilirudisha siku ya pili. Muuzaji aliniambia "kinaingia laini", na kweli kiliingia, bando likasoma. Lakini sehemu ya kupigia haikuwepo kabisa! Hata *150*00# ya M-Pesa sina pa kuiandika, na mimi malipo yangu karibu yote yanapita huko. Alinionyesha namba ya IMEI, ile ya kukitambulisha kifaa kwenye mtandao wa simu, kama ushahidi. Jamani, IMEI si ushahidi, maana hata cha laini ya intaneti tu kinayo. Kishikwambi cha jina lilelile kinaweza kuja cha Wi-Fi tu, cha laini ya intaneti tu, au cha kupiga simu kabisa. Ukiwa bado dukani weka laini yako, piga kwa mtu, msikilizane, ndipo utoe hela. Na anayetaka iPad ajue mapema: hata yenye laini haipigi simu ya kawaida yenyewe, inategemea iPhone yako.

Hiki cha pili kinapiga vizuri sana. Majina nayaona bila miwani. Ninachokipenda zaidi ni kuongea na mteja huku picha yake iko wazi mbele yangu, namuuliza, "Dada, mkono uishie kwenye kiwiko au uteremke?" na kitambaa kiko mezani. Chaji inanifikisha siku ya pili mchana.

Kasoro yake ni kubwa, na dukani hakuna aliyenitajia. Hakina spika ya sikioni. Simu yote inatokea kwenye spika kubwa. Wiki ya kwanza mama mmoja alinipigia kuomba nimvumilie deni la sare za watoto, sauti ikajaa kibanda kizima, na kwenye benchi wamekaa wateja wawili, mmoja jirani yake. Nilihangaika kuipunguza, vidole vina chaki, na yeye anaendelea tu kujieleza. Iliniuma sana.

Kesho yake nilinunua hedifoni za waya zenye maiki, shilingi 5,000. Za Bluetooth nilijaribu za mwanangu, zikawa zinaisha chaji katikati ya maongezi. Kwa hiyo bei ya kishikwambi uihesabu pamoja na hedifoni, na uzivae kabla hujapokea.

Yule mama nilimpigia jioni ileile, sina tena mtu kibandani. Tukapanga alipe kidogo kidogo.