Darasa la uimbaji Soweto, Mbeya: mafunzo yanastahili ada yake, upangaji wa nafasi unahitaji kurekebishwa

Wengi wetu tunaoimba Mbeya, iwe ni kwenye kwaya za kanisani, bendi za ukumbini au studio ndogo za Mwanjelwa, tulifundishwa nyimbo bila kufundishwa kuimba. Ndiyo maana darasa la sauti lililopo Soweto, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi, limepata wanafunzi wengi kwa kusimuliana tu. Mwalimu wake ameongoza kwaya kwa miaka mingi na hapendi jina lake litangazwe. Ada ni shilingi 60,000 kwa mwezi kwa vipindi viwili vya kila wiki, Jumanne jioni na Jumamosi asubuhi. Mwisho wa mwezi kila mwanafunzi huimba mbele ya wenzake, hupewa alama, na majina hubandikwa ukutani kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Nimesoma pale kwa muda wa kutosha kuweza kusema kwamba mafunzo yenyewe yana thamani kubwa kuliko ada yake, na kwamba ile karatasi ya ukutani inapingana na jambo ambalo mwalimu huyo analifundisha vizuri kuliko yote.

Kazi huanza na pumzi. Wanafunzi husimama wameweka mkono chini ya mbavu, huvuta hewa bila kuinua mabega, kisha huitoa polepole kwa mlio wa "sss" usiotetereka, huku mwalimu akipita kati yao na kugusa bega la yeyote aliyekaza shingo. Anaeleza kwa lugha nyepesi kwamba nyuzi za sauti ni mikunjo midogo iliyomo kooni, ambayo kwa mwanamume mtu mzima ina urefu unaokaribia sentimita mbili, na kwamba katika mazungumzo ya kawaida hutetema zaidi ya mara 100 kwa sekunde kwa wanaume na karibu mara 200 kwa wanawake. Kinachoumiza koo ni kuilazimisha misuli ya shingo ifanye kazi ambayo ilipaswa kufanywa na pumzi. Jiji letu liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na baridi kavu ya Juni na Julai, ikichanganyika na vumbi, huwakausha waimbaji makoo kabla hata hawajasimama. Kwa hiyo mwalimu anasisitiza maji ya uvuguvugu yanywewe kidogo kidogo tangu mchana, kwa kuwa maji tunayomeza hayapiti juu ya nyuzi za sauti bali huzifikia kupitia mwili wote baada ya muda. Wanakwaya waliozoea kutafuna tangawizi mlangoni mwa kanisa dakika chache kabla ya ibada wangefaidika sana na somo hilo pekee.

Sehemu iliyo bora zaidi, hata hivyo, ni ya matamshi. Kiswahili kinampendelea mwimbaji, kwa sababu irabu zake ni tano tu na karibu kila silabi huishia kwa irabu, hivyo noti ndefu haikosi mahali pa kukaa. Lakini kina masharti mawili ambayo kwaya nyingi za huku kwetu huyavunja bila kujua. La kwanza ni mkazo, ambao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Nyimbo nyingi tunazoimba makanisani zilikuja na mahadhi ya Ujerumani na Uingereza, na maneno ya Kiswahili yakapachikwa juu ya midundo iliyokwisha kuwapo, matokeo yake pigo zito mara nyingi huangukia silabi isiyostahili. Mwalimu huandika mstari ubaoni, huwataka wanafunzi wausome kama wanavyozungumza sokoni huku wakipiga kofi penye mkazo, kisha wauimbe bila kulipoteza lile kofi. Siku moja alichagua mstari wenye neno "mwokozi": pigo la wimbo liliangukia "mwo", ilhali mkazo wa neno uko kwenye "ko". Akatuonyesha namna ya kuipunguzia nguvu silabi ya kwanza na kuiegemea ya pili kwa upole, mdundo ukabaki ulivyo na neno likarudi kuwa neno.

Sharti la pili ni zile konsonanti zinazosimama zenyewe kama silabi, kama vile "m" ya "mtoto" na "n" ya "nchi". Mwimbaji mwenye haraka huzitafutia irabu, akaimba "mutoto" na "inchi". Hapa hufundishwa kufunga midomo na kuiimba "m" yenyewe kwa muda wake kamili, ikavuma puani, ndipo afungue kinywa. Kijana mmoja kutoka Uyole aliurudia mstari wake hadi ukakaa sawa, na bwana aliyekuwa ameketi kwenye ngazi nje, akimsubiri mkewe amalize kipindi, aliutaja mstari ule mzima bila kukosea alipoulizwa amesikia nini. Mwalimu hakumcheka kijana yule kwa lafudhi yake, wala hakumtaka aige lafudhi ya mtu mwingine. Alichotaka ni kila silabi ifike.

Sasa niizungumzie karatasi ya alama, kwa kuwa ndiyo inayozua mabishano makali zaidi darasani. Jumla ni alama 100: upana wa sauti, yaani umbali kati ya noti ya chini na ya juu kabisa anazoweza kuimba mtu, 30, nguvu 20, usahihi wa noti 20, pumzi 15, matamshi 10, na mwonekano mbele ya watu 5. Mwezi nilioushuhudia kwa makini, nafasi ya kwanza ilichukuliwa na kijana ambaye sauti yake ilikaribia oktava tatu (oktava moja ni kutoka do hadi do inayofuata juu yake) na ambaye alipanda juu kwa ujasiri wa kusifika, lakini maneno ya ubeti wake wa pili sikuyaelewa, na waliokaa jirani yangu hawakuyaelewa pia. Mama mmoja wa sauti ya pili kutoka kwaya ya Iyunga aliimba ubeti wa wimbo wa msiba ndani ya noti sita tu. Alivuta pumzi pale penye kituo cha maana na si pale palipomwishia hewa, akalipunguza neno la mwisho la kila mstari badala ya kulipigia kelele, na hakuna silabi iliyopotea. Akawekwa wa saba. Alama zake za upana zilimwangusha, ingawa wimbo aliouchagua haukuhitaji upana wowote zaidi ya ule aliokuwa nao.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mwalimu kwa moyo wangu wote. Upana wa sauti ni mtaji, na mtaji hupimwa kwa kile ulichokuzalishia. Mmarekani Tim Storms anashikilia rekodi ya Guinness ya upana mkubwa zaidi wa sauti ya mwanamume, oktava 10, na mwaka 2012 aliweka rekodi ya noti ya chini kuliko zote, yenye mitetemo 0.189 kwa sekunde, yaani chini ya mtetemo mmoja katika sekunde tano, ilhali sikio la binadamu huanza kusikia kwenye mitetemo kama 20. Ni jambo la kustaajabisha kuhusu mwili wa mtu, na ninamheshimu kwa hilo, lakini noti isiyosikika haiwezi kumwongezea mwimbaji cheo mbele ya msikilizaji.

Upande wa pili tunaye Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Sahani hizo zina mikwaruzo mingi na zilinaswa kwa vyombo vya wakati ule, lakini mtu anayezisikiliza leo anatambua kwamba kila neno limewekwa mahali pake kwa makusudi. Shaaban Robert hakuona ni kazi ndogo kuandika wasifu wa Siti. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013 akiwa amekwisha kupewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki wa dunia, mwaka 2005, alikuwa na sauti nzito yenye makovu, ambayo karatasi ya Soweto ingeipunguzia alama karibu kila mstari, na bado ukumbi uliomsikia haukuwa na shaka nani anaimba. Marijani Rajab aliitwa Jabali la Muziki, na ukisikiliza nyimbo zake utaona kwamba ukubwa wake haukutoka kwenye kupanda juu. Alisimulia kisa kwa utulivu, msikilizaji akakifuata mpaka mwisho. Naye Umm Kulthum wa Misri, ambaye nyimbo zake zilisikilizwa sana Zanzibar na kuathiri taarabu yetu, alisomeshwa Kurani tangu utotoni na akabaki na matamshi yasiyo na doa. Alikuwa akiurudia mstari mmoja mara nyingi, na kila mara akiupa uzito mwingine. Nguvu ya sauti alikuwa nayo tele, lakini aliitumia kuutumikia mstari.

Mwalimu mwenyewe hupenda kuleta darasani orodha za jarida la Marekani la Rolling Stone, na kipindi hicho ni kizuri sana kwa sababu kila mtu huja na hoja. Jarida hilo lilitoa orodha ya waimbaji bora 100 mwaka 2008, kisha nyingine ya waimbaji 200 mwaka 2023, na katika zote mbili Aretha Franklin aliwekwa wa kwanza. Orodha ya pili haikumtaja Celine Dion hata kidogo, jambo lililowapeleka mashabiki wake kuandamana nje ya ofisi za jarida hilo New York. Waandaaji walisema walikuwa wanapanga waimbaji, si sauti. Vijana wa darasa letu waliona hilo ni kisingizio, na wengine wakauliza kwa nini Rayvanny, mtoto wa Mbeya aliyeshinda tuzo ya BET mwaka 2017, asipimwe kwa kipimo kilekile. Mimi naona tofauti waliyoiweka waandaaji ni ya kweli. Aretha alikulia kwenye uimbaji wa kanisa la baba yake huko Detroit, na alipopanda juu, alipanda kwa sababu maneno yalimtuma. Kosa la orodha kama hizo ni kumpa kila mtu namba bila kuonyesha namba imetokana na nini, hivyo anayeshika nafasi ya 40 na anayeshika ya 41 wanatenganishwa na kitu ambacho hakuna awezaye kukieleza.

Utetezi wa mwalimu unastahili kusikilizwa, kwa sababu ameufikiria. Anasema upana, nguvu na usahihi wa noti vinaweza kuhakikiwa kwa kinanda mbele ya wote, kwa hiyo hakuna mzazi au kiongozi wa kwaya atakayelalamika kwamba amependelea watu wake. Anaongeza kwamba mashindano yanayoamuliwa kwa ujumbe wa simu humpandisha mwenye ndugu wengi wenye salio. Ni kweli, na hata jopo la majaji, kama lile la Bongo Star Search, hubishaniwa na watazamaji kila msimu. Hata hivyo matamshi nayo yanapimika: mpeni mtu asiyeujua wimbo karatasi na kalamu, aandike anachosikia, kisha mhesabu maneno aliyoyapata. Kipimo hicho hakina upendeleo, ni rahisi kuliko kinanda, na kinapima kile ambacho mwanafunzi amefundishwa humo humo darasani kwa bidii kubwa. Upana ungetosha kupewa alama 10, na zile 20 zinazobaki zihamie kwenye matamshi na namna ya kuukata mstari kwa pumzi.

Kuna pia huduma ya kurekodi wimbo mmoja kwa malipo ya ziada, katika chumba kidogo cha nyuma. Ubora wake ni wa wastani. Fundi ana mazoea ya kuipitisha kila sauti kwenye Auto-Tune, programu iliyotoka mwaka 1997 na ambayo husogeza noti iliyokosewa hadi mahali pake. Inafaa kwa tangazo au kwa mtindo wa muziki unaoitaka, lakini kwa mwanafunzi ni hasara, kwa sababu anaondoka na rekodi isiyomwonyesha alipokosea. Mwambieni fundi mapema awape nakala ambayo haijaguswa. Anakubali, ila lazima aombwe.

Chumba cha darasa ni safi na kina mwanga wa kutosha, ingawa madirisha ya upande wa barabara hayafungi vizuri, na Jumanne jioni kelele za bodaboda na baridi huingia pamoja. Umeme ukikatika kinanda hunyamaza, lakini kipindi hakiahirishwi, kwa kuwa mwalimu hutoa noti kwa mdomo na kuendelea kwa do-re-mi, na mara kadhaa vipindi hivyo vimekuwa na manufaa zaidi. Wanafunzi huwa wengi mno Jumamosi. Anayetaka kusikilizwa mmoja mmoja achague Jumanne.

Kwa walimu wa kwaya za Mbeya, Rungwe na hata Iringa wanaoweza kupanga safari, mwezi mmoja wa darasa hili ni matumizi mazuri ya fedha, hasa kwa ajili ya pumzi na mkazo wa maneno. Msanii wa Bongo Fleva naye atafaidika, mradi aje na wimbo wake mwenyewe na asikubali kufundishwa kwa nyimbo za wengine tu. Uandikishaji hufanyika wiki ya kwanza ya mwezi, na inafaa kuja na daftari, chupa ya maji na sweta. Asiyependa jina lake libandikwe ukutani anaruhusiwa kusema. Nilimwomba hivyo mwalimu mwezi uliofuata, akakubali bila kinyongo, na badala ya alama akakaa nami baada ya kipindi akinieleza mstari kwa mstari mahali ambapo maneno yangu yalikuwa hayafiki nyuma ya chumba.