TAHADHARI: Unga wa "rangi ya kuwaka gizani" unaouzwa Deep Sea na Sahare

Ndugu wavuvi na mafundi wa vyombo hapa Tanga, kuna unga unapitishwa madikoni, Deep Sea hadi Sahare, kwamba ukipakwa kwenye maboya ya jarife (wavu mkubwa) au ubavuni mwa mashua utawaka usiku kucha. Hauwaki. Msitoe hela.

Ujanja uko kwenye tochi. Muuzaji anamimina unga kiganjani, anaumulika kwa tochi ya mwanga wa zambarau, unawaka kijani mpaka mteja anaduwaa. Tazama kidole chake: hakibanduki kwenye swichi. Unga ule humeza mwanga na kuurudisha papo hapo, basi. Mwambie azime tochi, halafu mfunike kiganja kwa kanga. Giza tupu.

Unga wa kweli ni strontiamu aluminati yenye chembe za metali yuropiamu na disprosiamu, uliotoka Japani miaka ya 1990. Mwanga huchangamsha elektroni, nyingine zinanasa ndani ya fuwele, kisha joto la kawaida tu huzichomoa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Wa zamani, zinki salfaidi yenye shaba, hufifia mapema zaidi, na penye jua na unyevu hugeuka kijivu. Wapo wanaouza huu kwa bei ya ule, kwa hiyo kuzima tochi peke yake hakutoshi kuwaumbua.

Anika kijiko cha chai juani dakika 10, ingia nacho chumba chenye giza totoro. Usihukumu dakika za mwanzo, hata zinki salfaidi hung'aa hapo. Rudi baada ya muda wa saa 3, macho yakishazoea giza: aluminati bado utaiona.

Baharini kuna la ziada. Aluminati isiyovalishwa ganda la kuzuia maji huharibika ikilowa. Loweka kidogo kwenye glasi siku 2. Ukiganda na kufifia, haufai kwa boya. Ulio mzuri, changanya gramu 30 kwa gramu 70 za vanishi angavu ya mafuta, juu ya rangi nyeupe, mikono 2 au 3. Koroga kila mara maana huzama, na usiutwange: fuwele zikivunjika, mwanga hupungua. Funika pua, vumbi lake si la kuvuta.

Hata huo hauchukui nafasi ya taa ya chombo. Aliyekwisha kununua ule wa tochi asitoke nao usiku. Apeleke kopo kwa BMU (kikundi cha usimamizi wa fukwe) ya diko lake, wenzake wauone.