Reli ya Kati na TAZARA: treni mbili za abiria kutoka Dar es Salaam

Zote huanzia Dar es Salaam, ila zilijengwa kwa makusudi tofauti kabisa. Reli ya Kati ni ya Wajerumani: ilianza 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Walichokitaka ni mazao na utawala. Msafiri hakuwa hesabuni. Tawi la Mwanza lilifika 1928, chini ya Waingereza.

TAZARA, yaani reli ya Tanzania na Zambia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, ili Zambia isitegemee njia zilizopita nchi za kusini zilizotawaliwa na walowezi wa kizungu. Inakwenda kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Kwangu mimi hii ni reli ya heshima, maana ilibeba ukombozi kabla ya kubeba shaba ya Zambia.

Kwa mandhari, TAZARA inashinda waziwazi: wanyama huonekana dirishani, kisha treni hupanda milima ya Mlimba hadi Makambako kupitia mahandaki na madaraja.

Upana wa njia pia hutofautiana: milimita 1,000 kwa Reli ya Kati na 1,067 kwa TAZARA.

Anayekwenda Dodoma ana bahati zaidi: tangu 2024 kuna treni ya umeme kwenye reli mpya ya kisasa. Wa Kigoma bado anaitegemea ile ya zamani.